Tambara Moja, Foleni Moja

Fedha ya nchi yetu iliitwa tambara. Jina hilo hatukulitafuta mbali, kwa sababu fedha yenyewe ilikuwa tambara kweli: kipande cha kitambaa, upana wa vidole vitatu, urefu wa kidole cha kati cha rafiki yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa gavana wa benki na vipimo vyote vya nchi vilitoka mwilini mwake. Mimi nilikuwa waziri wa mambo yote yaliyobaki. Raia tulikuwa sisi wawili. Nchi ilianzia kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ikaishia kwenye ukuta wa choo.

Leo nina wajukuu, na wakiniuliza nilikuwa nacheza nini utotoni huwa nawajibu kwa mkato tu, kwamba tulicheza rede na kombolela. Nchi sijawahi kuwaambia. Kuna kitu ndani yake ambacho kila nikikigusa roho inaniuma, na mimi si mtu wa kulia mbele za watoto.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake baba yangu. Ni ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma, na iko pale pale Kariakoo, mwendo wa dakika kumi kutoka sokoni ukiwa huna mzigo. Sisi tulikaa upande wa kulia. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona barazani, na vipande vilivyodondoka chini ya cherehani yake ndivyo vilivyokuwa utajiri wa nchi yetu. Upande wa kushoto, chumba cha mbele kilikuwa duka, na katika chumba kilichofuata waliishi wenye duka: baba, mama, binti yao wa umri wangu, na mtoto mchanga. Walikuwa watu wa Kilimanjaro. Yule baba mtaa mzima ulimwita mangi, yaani chifu kwa lugha ya kwao, na yeye aliitikia bila kuona vibaya. Binti yake ndiye gavana ninayemsema.

Mpaka leo sijui tulianza vipi kuwa marafiki. Najua tu kwamba asubuhi moja niliamka nikamkuta uani anapiga mswaki kwa kijiti, akanitazama, akatema, akasema, “Kwenu mnachelewa kuamka.” Nilimchukia siku nzima. Siku ya pili nilikuwa siwezi kula bila yeye.

Kuhusu tambara, cha kwanza kuelewa ni mkasi. Baba alikuwa na mkasi wa meno, ule unaokata kingo za kitambaa zikawa na vijino kama msumeno ili nyuzi zisifumuke. Aliununua kwa Mhindi mmoja wa Upanga aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame, na aliutunza kuliko alivyonitunza mimi. Siku moja niliuchukua kwa siri nikajaribu kukatia waya. Jino moja likavunjika. Kichapo nilichokula siku hiyo sitakisimulia, lakini tangu hapo kila kitambaa alichokata baba kilikuwa na alama: vijino, vijino, vijino, halafu pengo, halafu vijino tena. Mimi niliona aibu ya pengo lile. Rafiki yangu aliona fedha.

“Hakuna mtu mwingine Dar nzima mwenye mkasi kama huu,” alisema. “Kwa hiyo hakuna mtu atakayeweza kutengeneza noti za bandia.”

Alikuwa na miaka kumi.

Halafu tukagombana juu ya kichwa. Fedha lazima iwe na kichwa cha mtu, na mimi nilitaka kiwe changu, kwa kuwa uani palikuwa pa bibi yangu. Yeye alisema mkasi ulikuwa wa baba yangu lakini akili ilikuwa yake. Tulinuniana kutwa. Mwisho tukakubaliana kichwa kiwe cha jogoo wa bibi, mnyama mmoja mkorofi aliyetufukuza sote wawili kwa haki sawa. Rafiki yangu alimchora kwa penseli ile ya wino ambayo ukiilamba inaandika zambarau, na ulimi wake ulikuwa wa zambarau miezi ile yote. Nikifumba macho naweza kuuona sasa hivi.

Lakini fedha bila kitu cha kununua ni takataka, na nchini mwetu hapakuwa na kitu. Kwa kweli hata nje ya nchi yetu hapakuwa na kitu. Ilikuwa ile miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa njano foleni, mafuta ya taa foleni. Duka la mangi lilikuwa na viberiti, chumvi na mizani iliyong'arishwa kila asubuhi bila sababu. Bidhaa nyingine zote zilikuwa zinapitia duka la ushirika, na duka la ushirika lilifunguliwa lilipotaka. Sisi watoto ndio tuliokuwa miguu ya nyumba. Ukirudi shule unavua sare, unaambiwa nenda kasimame. Kwa hiyo gavana akatoa sheria, akaiandika ukutani kwa mkaa nyuma ya pipa la maji: tambara moja, foleni moja. Ukinipa tambara, nasimama foleni yako, uwe unaumwa, umechoka, au hutaki tu. Sikuulizi kwa nini. Na tambara halina mwisho wa matumizi.

Tulilichukulia jambo hili kwa uzito mpaka nikapigwa. Bibi aliwahi kunipa senti hamsini nikamsimamie foleni ya sabuni, nami nikamjibu kwamba fedha za kigeni hatuzipokei. Kofi lilitua kabla sijamaliza sentensi. Nilikwenda foleni nikilia, na rafiki yangu alinifuata akasimama na mimi bure, jambo lililokuwa kinyume cha sheria yake mwenyewe.

Waliozaliwa juzi hawajui foleni zile zilivyoendeshwa, kwa hiyo niseme kidogo. Hakuna mtu angeweza kusimama kutwa nzima. Watu walikuwa na kazi, na watoto, na sufuria jikoni. Kwa hiyo tuliweka mawe. Ulifika alfajiri, ukaweka jiwe lako nyuma ya jiwe la mwenzako, ukaenda zako. Si mawe tu: nusu tofali, kopo lililotoboka, kandambili moja isiyo na mwenzake, kikapu chenye mchanga ndani. Kila mtu alilijua la kwake na la jirani yake. Foleni ikisogea, aliyekuwepo aliyasogeza kwa mguu mawe ya wasiokuwepo, mradi tu ajue ni ya nani. Jiwe lisilo na mwenyewe liliachwa nyuma. Ukirudi unahema, umechelewa, roho mkononi, ulisikia mtu wa mbele akikuambia bila hata kugeuka, “Jiwe lako lipo.” Katika maneno yote ya miaka ile, mimi nililipenda hilo. Ulikuwa unaweza kuondoka duniani na dunia ikakuwekea nafasi.

Barua ilikuja mwezi ambao mvua za vuli zilikuwa zinaanza. Mama yake mangi alikuwa mgonjwa huko kwao. Mangi alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume, na kwa watu wao mtoto huyo ndiye anayebaki na nyumba ya mama, ndiye anayetazamiwa siku mbaya ikifika. Duka lilikuwa limeshakufa siku nyingi. Nikiwa ukumbini nilimsikia akimwambia baba, “Fundi, mimi narudi nyumbani jumla. Nikae kwa mama.” Baba alisema ndiyo, mama ni mama. Hapo nikajua kwamba jumla maana yake ni na binti yake.

Nilimkuta uani anafua. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nikamuuliza nchi itakuwaje. Akasema nchi ninaweza kubaki nayo mimi.

“Raia mmoja si nchi,” nikamwambia.

“Sasa mimi nifanyeje?” akasema, akaendelea kukamua shati la baba yake. Niliona mabega yake yanatetemeka, nikaona raha kidogo kwamba na yeye analia. Ndivyo nilivyokuwa. Sijisifu.

Mabasi ya kwenda Moshi yalikuwa machache, maana mafuta yalikuwa ya mgao, na tiketi zilikatwa stendi, upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja. Dirisha lilifunguliwa alasiri. Jumatatu moja mangi alidamka akaenda kuweka jiwe. Lilikuwa nusu tofali, na binti yake alikuwa amelichorea jogoo wetu kwa penseli ya wino ili lisichanganywe na la mtu. Lilikuwa la tano kwenye mstari. Mangi akaondoka kwenda kuuza mizani yake, akamwacha binti alilinde.

Adhuhuri rafiki yangu alinijia mbio. Mama yake alikuwa anafunga mizigo, mtoto analia, alikuwa anamhitaji. Alitoa tambara mfukoni mwa gauni lake, akanipa. Lilikuwa la kitambaa cha bluu, masalio ya sare za shule, jogoo juu yake na pengo pembeni.

“Kanisimamie,” akasema. “Mpaka baba aje.”

Nililipokea. Sheria ni sheria. Nikachukua kikapu changu nikaenda.

Nataka niseme ukweli kama ulivyokuwa, kwa sababu nimeupaka rangi mara nyingi kichwani. Sikwenda na mpango. Nilikwenda kusimama. Nilisimama kandokando ya jiwe letu juani, nikawa nahesabu watu waliokuwa mbele, na kila nilipohesabu nilipata wanne, na wanne walikuwa wachache mno. Dirisha likafunguka. Wa kwanza akakata tiketi yake. Mstari ukasogea. Watu wakasukuma mawe yao kwa miguu, krr, krr, krr. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, amejifunga khanga na mtoto mgongoni, akaona nusu tofali limebaki palepale.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hili jiwe la nani?”

Nikamjibu, “Sijui.”

Basi. Neno moja. Alilipita jiwe, na wa nyuma yake akalipita, na wa nyuma yake. Nilipokuja kupata akili tulikuwa mwisho wa foleni, mimi na jiwe. Nikashikwa na hofu kwamba mangi atafika amwone yule jogoo wa zambarau amekaa peke yake na aelewe. Nikalitia kikapuni nikarudi nyumbani kwa kuzunguka, nikapita Jangwani karibu nifike Magomeni, ili nichelewe.

Na kwa kuwa nilikuwa mtoto, na mpumbavu, nililificha mahali pekee duniani nilipopaona salama. Nililiweka benki. Benki ya nchi ilikuwa shimo chini ya bati, kati ya pipa la maji na ukuta wa choo, mlimokuwa na kopo la matambara yetu. Nilirudisha bati juu yake nikanawa mikono.

Mangi alirudi magharibi bila tiketi. Tiketi zilikuwa zimeisha. Nilimwambia kwamba watu walisukumana, kwamba walikuwa wengi, kwamba jiwe lilipotea miguuni mwao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika kichwani kwa kile kiganja chake kikubwa, akasema, “Pole, mwanangu. Wamekuonea kwa sababu wewe ni mdogo.” Angenipiga ningeshukuru.

Basi lingine lenye nafasi lilikuwa la Ijumaa. Siku nne.

Nikiambiwa nichague siku za kurudi kuishi katika maisha yangu yote, na nimeolewa, nimezaa, nimekwenda mpaka Maka, bado nitachagua zile nne. Chumba chao kilikuwa kimeshafungwa mizigo, masufuria yamo kwenye magunia, kwa hiyo walikula kwetu na rafiki yangu alilala kitandani kwangu. Alikuwa na miguu ya baridi na alipenda kuikandamiza kwenye mapaja yangu. Mama yangu alipika wali wa nazi, na sukari yetu ya mwisho ya mgao tukainywea chai. Uani, nchi ilistawi kuliko wakati wowote. Tulitoa noti mpya za kitambaa cha gauni la harusi, nyeupe, zenye thamani ya foleni kumi, ingawa hatukuwa na foleni kumi za kusimama. Mvua ilinyesha mchana, tukacheza ndani yake hadi bibi akatuita mashetani. Nilikuwa nina furaha na nilijua imetoka wapi, na kwa siku mbili sikujali hata kidogo.

Jumatano mchana ililetwa telegramu. Mangi aliisoma amesimama barazani, karibu na cherehani ya baba. Aliisoma, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena. Halafu akakaa kwenye benchi la wateja, na yule mtu mkubwa akalia kwa sauti mchana kweupe, watu wakipita njiani. Mama yake alikuwa amefariki siku iliyotangulia. Kwao hapakuwa na namna ya kumweka maiti siku nyingi. Wangemzika kabla hajafika.

Baba aliacha kushona akaja kukaa naye. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimsikia mangi anasema, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha milimani, “Fundi, lile basi lilitoka Jumanne alfajiri, usiku lilikuwa Moshi. Ningekuwemo ningefika. Pengine ningemkuta. Ningempa hata maji.”

Nilikwenda chooni nikatapika. Mama alidhani ni wali.

Alhamisi alasiri, siku ya kuamkia safari, rafiki yangu alisema tugawane hazina. Kwa jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa, nilikuwa nimesahau kabisa nilichoweka mle. Alikuwa mbele yangu. Aliinua bati. Akabaki amechuchumaa, mgongo umenielekea. Halafu akaingiza mikono yote miwili akatoa nusu tofali, akaliweka chini kati yetu. Jogoo wake alikuwa juu, akitazama pembeni.

“Hili jiwe letu,” akasema.

Akamfuta jogoo vumbi kwa kidole.

“Ulisema limepotea.”

“Nilitaka usiondoke,” nikasema.

“Hata mimi nilitaka nisiondoke,” akasema. “Lakini bibi yangu alikuwa anatungoja.”

Hakupiga kelele. Hakulia. Nilingoja aende kumwita baba yake, na hapo ndipo mimi nilipoanza kulia, kwa woga, si kwa majuto. Majuto yalikuja baadaye na hayajaondoka. Alinitazama nikilia, kisha akanyoosha kiganja.

“Nirudishie tambara langu. Hukusimama.”

Lilikuwa mfukoni mwangu. Nililishika kwa vidole humo humo ndani, nikasikia vijino vyake na pengo lake. Na nikasema nimelipoteza. Uongo huu wa pili nilijua wazi kwa nini nausema. Nikimrudishia, tungekuwa tumemalizana. Angekwenda zake na hapangebaki kitu chochote baina yetu. Nikiwa nalo, ananidai, na anayekudai hawezi kukusahau.

Alinitazama usoni muda mrefu. Sidhani kama aliniamini.

“Basi siku ukiliona, utaniletea,” akasema.

“Moshi?”

“Kwani mimi nitakuwa wapi?”

Kopo la hazina aliniachia lote, hata zile nyeupe za foleni kumi kumi. Jiwe alilichukua yeye. Alilizungushia sweta lake la shule, akalisokomeza ndani kabisa ya furushi lake, chini ya nguo, na baba yake hakujua kwamba anasafiri nalo. Asubuhi yake tulipowasindikiza stendi nilimwona anavyolipakata furushi kwa uzito, hataki kulipandisha juu ya basi. Alikaa dirishani. Basi liliondoka. Hakunipungia mkono, na mimi sikustahili.

Barua niliandika tatu. Anwani alikuwa nayo bibi, ilikuwa kazi ya kumwomba tu. Sikuomba. Kila nilipofika kwenye mstari wa pili, baada ya salamu, nilikuta sina la kusema ila lile moja, na lile moja haliandikiki. Miaka ikapita. Bibi akafariki, baba akafariki, nyumba ya vyumba sita ikauzwa na ndugu, mahali pa uani pakachimbwa msingi wa ghorofa. Siku wanabomoa nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara. Ukuta wa choo ulianguka kabla ya yote. Nilitazama kama nitaona maandishi ya mkaa, lakini walikuwa wameshaupaka chokaa mara kadhaa.

Mimi nikaingia kwenye biashara ya vitambaa. Nina fremu ya duka, si kubwa, mtaa wa tatu kutoka ilipokuwa nyumba yetu. Mkasi wa meno nimeurithi mimi, maana kaka zangu walisema ni mbovu. Wafanyabiashara wa mikoani wakija, huwa nawakatia nao vipande vidogo vya sampuli waende kuonyesha wateja wao: upana wa vidole vitatu hivi, urefu wa kidole. Sikuwahi kufikiria kwa nini nakata kipimo kile. Mkono ulikuwa umezoea. Na lile la bluu, la sare za shule, limo kwenye pochi yangu, ndani ya kikaratasi cha nailoni. Limehama pochi nyingi. Jogoo amefifia akawa kama doa la chai, lakini vijino bado vipo, na pengo lipo.

Mwaka huu, wiki mbili baada ya Idi, alikuja mteja wangu mmoja wa Moshi, mtu mcheshi anayependa kupunguziwa bei.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Leo umekuja na hela au umekuja na maneno?”

“Vyote viwili,” akasema, akaweka juu ya meza mfuko wa maharage. “Haya umeletewa. Kuna mama mmoja pale kwetu sokoni, anauza nafaka jirani na mimi. Amekuja dukani kutafuta kitenge cha mjukuu wake. Nikampa zile sampuli zako. Mama wa watu akakishika kipande kimoja, akakipitishia kidole pembeni hivi, hivi. Akakaa kwenye gunia. Nikadhani presha. Nikamletea maji. Unajua ameniuliza nini? Hakuuliza bei. Ameuliza, ‘Mkasi huu uko wapi?’”

Nilishika ukingo wa meza.

“Nikamwambia uko Kariakoo, unao mama mmoja hivi na hivi, mkali wa bei. Akacheka, akalia, mimi nikabaki nashangaa. Ndiyo akanipa hayo maharage. Na kuna maneno, amenisisitiza niyalete kama yalivyo, nisiongeze nisipunguze. Amesema, mwambie jiwe lake lipo.” Alinitazama. “Mimi sijui jiwe gani, mama. Mambo yenu wenyewe.”

Nilimwambia aniangalizie duka kidogo. Nilikwenda nyuma ya majora ya vitenge, nikakaa chini sakafuni na umri wangu huu, nikalia mpaka nikaishiwa pumzi. Miaka yote hii nilidhani amebeba lile tofali kuwa ushahidi wangu. Nilimwona akizeeka nalo, akilitazama na kunilaani. Kumbe alilichukua akaliweka mahali, na kila foleni iliposogea, alikuwa analisogeza kwa mguu.

Kesho yake binti yangu alitaka kunikatia tiketi ya Moshi kwa simu. Siku hizi ni dakika mbili, alisema, unachagua na kiti. Nilikataa. Nilivaa baibui langu jipya nikaenda mwenyewe ofisini kwa watu wa mabasi. Palikuwa peupe. Kulikuwa na feni inazunguka, na dada mmoja kijana nyuma ya kioo anakunywa soda, na sakafu tupu kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilisimama katikati ya sakafu ile, pochi nimeikumbatia, tambara lile la bluu limo ndani.

“Karibu, mama, sogea tu,” yule dada aliita. “Hakuna foleni.”

“Naona, mwanangu,” nikamwambia. “Niache nisimame kidogo. Nimeshalipwa.”